Vikunjo vya Uyoga na Jogoo wa Kalenga

We Kachumbari,

Barua hii nimeiweka ndani ya kopo la siagi, juu ya chapati za mahindi, kwa hiyo ukiikuta ina mafuta usinilaumu. Nilitaka uifungue ukishapita Makambako. Lakini nakujua, gari litakuwa halijafika hata Uyole umeshachungulia. Sawa, soma tu.

Saa hizi umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya, umesema unarudi kabla giza halijaingia. Mimi niko jikoni. Karatasi iko juu ya ndoo ya unga, kalamu mkono huu, mwiko mkono ule. Sitaki kukaa. Nikikaa macho yataenda kwenye begi lako pale mlangoni, na lile begi limeshaanza kuniudhi.

Habari za sweta, za kufunga mlango, za kuchagua marafiki, hizo nimekuimbia wiki nzima, na baba yako atakupigia kutoka kwenye foleni ya malori Tunduma akuimbie tena. Mimi naziruka. Nataka nikuambie habari za jogoo.

Unakumbuka juzi uliniuliza, tukiwa tunakunja mashuka?

"Mama, bibi anajua?"

"Anajua nini?"

"Kwamba sili nyama. Naenda kukaa kwake mpaka nimalize chuo, mama. Siyo wiki moja."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nimesema nitamwambia, Kachumbari, shika pembe hiyo."

Basi leo mchana bibi yako amepiga mwenyewe. Huwa anampigia baba yako, mimi hanipigii. Nilivyoona jina lake kwenye simu nikafuta mikono kwanza, kana kwamba ataiona.

"Kamwene, Mama Skola."

"Kamwene, mama. Za Kalenga?"

"Baridi tu. Mke mwenzangu anapanda gari kesho?" Ndiyo wewe huyo, mjukuu wake.

"Kesho asubuhi, mama. Nguo zote zimeshaingia kwenye begi."

"Nguo atapata hata huku. Mwambie jogoo nimeshamtenga. Yule mwekundu. Nimemfunga kamba mguuni, anakula pumba peke yake."

Hapo ndipo nilitakiwa niseme: mama, Skola hali nyama. Maneno matatu tu, mtoto wa chekechea anayaweza. Mimi nikasema, "Asante, mama."

Halafu akasema kitu kimoja, akakata. Hicho kitu nitakuambia mwishoni, maana bila kujua ya nyuma hutakielewa. Mimi mwenyewe ninayejua ya nyuma sijakielewa.

Subiri nigeuze chapati hii.

Nimerudi. Imeungua upande mmoja, hiyo nakula mimi.

Yule jogoo wetu wa zamani, uliyekuwa unamwita Mzee, umekua ukijua bibi alitupa zawadi. Si kweli. Yaani mimi ndiye niliyedhani ni zawadi.

Nilikuwa binti tu, nimekuzidi kidogo ulivyo sasa hivi, na wewe uko mgongoni hujaota hata jino. Baba yako ananipeleka kwao mara ya kwanza. Mimi nimetoka Tukuyu, Kihehe najua salamu peke yake, na hiyo salamu nimeifanyia mazoezi njia nzima mpaka kondakta akawa ananiitikia. Tukafika, nikapokelewa vizuri, nikapewa maji ya moto ya kuoga. Bibi akakubeba, akakuita Skolastika, akacheka kusikia anajiita mwenyewe. Halafu akatoka nje, akarudi na jogoo mzima mzima, akaniwekea mikononi.

"Mwanangu, mboga yako hii hapa."

Sasa kwetu mimi, mgeni anakutana na kuku kwenye bakuli. Hakuna anayekushikisha kuku ambaye bado anakutumbulia macho. Kumbe kwao baba yako, mgeni wa nyumbani anashikishwa kuku akiwa hai, anamtazama, anashukuru, anamrudisha kwa mwenyeji, ndipo achinjwe. Hilo hakuna mtu aliyeniambia. Baba yako alikuwa ameshavutwa na wajomba zake kwenda kunywa ulanzi, na ulanzi ukishamvuta mtu, habari za mke na kuku anazikumbuka kesho yake.

Mimi nikapiga magoti, nikashukuru, nikarudia kushukuru. Nikasema moyoni, kumbe hawa watu wana upendo namna hii. Nikaingia na jogoo chumbani, nikamfunga miguu kwa kilemba changu, nikamlaza chini ya kitanda.

Nje moto unawaka. Sufuria la maji ya kunyonyolea linachemka, mimi nalisikia, najua ni la chai. Bibi anapita mlangoni, anachungulia, anaondoka. Shangazi yako anapita, anakohoa. Mimi natabasamu. Giza likaingia, ukaja ugali na majani ya maboga. Watu wakala. Nikayasifia yale maboga kwa moyo wote. Na kule chumbani jogoo anaguna chini ya kitanda, kila mtu anamsikia.

Kesho yake kwenye basi baba yako akaona kapu linatikisika.

"Mama Skola, humo kuna nini?"

"Kuku niliyepewa na mama."

"Umepewa au umeshikishwa?"

"Kwani kuna tofauti?"

Alicheka mpaka Mafinga. Pale Mafinga akaacha kucheka, akaniuliza taratibu, "Sasa jana watu wamekula nini?" Nikamwambia maboga. Akaegemeza kichwa kwenye kioo mpaka Igawa.

Ningepiga simu siku ileile tungecheka, yakaisha. Niliona aibu. Nikasema nitaongea tukienda tena, tukienda nasema nitaongea wakati wa kuondoka, wakati wa kuondoka gari linapiga honi. Ile aibu nikaifuga pamoja na jogoo. Wote wawili wakanenepa.

Nje kuna mtu anapita na redio, nikadhani ni wewe. Siyo wewe. Endelea kuaga, sijamaliza.

Vikunjo unavijua kula, hujui vilikotoka. Miaka ile nilikuwa naosha vyombo kambini kwa wale Wachina waliokuwa wanatengeneza barabara. Mpishi wao tulimwita Mzee Tangawizi, maana hakuna alichopika bila tangawizi. Kiswahili chake kilikuwa "haraka" na "bado". Mimi naosha sufuria, jicho liko kwenye mikono yake. Uyoga anauweka kwenye kikaango kikavu, cha moto mpaka kinatisha, anauacha utoe maji wenyewe na yakauke. Nikitaka kugeuza ananipiga mwiko: "Bado." Tangawizi na kitunguu saumu baadaye. Sosi ya soya mwisho kabisa, anaimwaga pembeni ya kikaango iungue kidogo, halafu ufuta. Uyoga wake ulikuwa unajibu jino kama nyama. Sijui kwa nini tunauchemsha sisi mpaka unakuwa mlenda.

Usiku nikiwa na bando namwangalia mama mmoja wa Meksiko kwenye simu, anapiga chapati za mahindi kwa viganja. Lugha yake sijui hata neno. Naangalia mikono. Shule niliishia kidato cha pili, Kachumbari, kila ninachokijua nimekiiba kwenye mikono ya mtu. Siku moja nikaviona vyote pamoja kichwani: uyoga wa Tangawizi ndani ya chapati ya yule mama. Nikashindwa kulala. Nikashindwa hata kukaa.

Hakuna kosa ambalo nyumba hii haikulila. Sembe ilipasuka kama udongo wa kiangazi. Nikaona kwenye video yule mama anachemsha mahindi na kitu cheupe, nikasema ni magadi hayo, si ndiyo tunalainishia maharage? Nikamimina. Mahindi yakawa ya njano ya kutisha, ladha yake sabuni ya kipande. Baba yako alikula moja, akaniangalia, akaenda nje kusukutua. Kurudi akaniuliza, "Hizi ni za kula au za kufulia?" Ndipo nikakumbuka mama yangu kule Tukuyu alivyokuwa anachoma maganda ya maharage, anachuja majivu yake, maji yale anaungia mboga. Nikachemsha mahindi kwa maji ya majivu, nikayalaza. Asubuhi maganda yanavuka kwa kusugua tu. Watu wa mashine ya kusaga wakakataa kuyapokea yakiwa na maji, nikayatwanga kwenye kinu mpaka jirani akauliza kuna msiba gani. Donge likashikana. Ukatoka shule, ukakunja moja na parachichi na chumvi, ukaniambia, "Mama, hii inanukia kama mvua ikianza."

Jina lake la huko ni taco. Baba yako alikataa lisitajwe mbele ya watu wenye heshima zao, kwa sababu ukilisema kwa Kiswahili sikio linasikia kitu kingine. Tukaviita vikunjo.

Sasa ndipo bibi akaleta habari kwamba anakuja Iyunga kutuona. Mara yake ya kwanza. Baba yako yuko safarini, Lubumbashi huko. Kila mtu alijua yule jogoo wetu, Mzee, ndiye atakayechinjwa, na mimi nilijua. Kisu nimenoa. Wewe uko darasa la pili, ukamkumbatia shingoni, ukalia mpaka ukapata kwikwi, ukasema, "Mama, mimi nitakuwa sili nyama, kwa hiyo usimchinje." Kama vile ni biashara, unatoa hiki unapewa kile. Na kweli hujala mpaka leo. Ndiyo nikaanza kukuita Kachumbari, maana kila tulipoalikwa ulikuwa unakula hiyo tu.

Ningeweza kununua kuku mwingine sokoni. Najua. Kila niliyemsimulia ameniuliza hivyo. Ukweli ni kwamba ulivyolia nilifurahi. Nilikuwa nimechizika na vikunjo, natafuta mtu wa kumwonyesha, na wewe ukanipa sababu.

Nikapanga meza. Uyoga wa Mafinga wenye sosi ya soya na ufuta. Maharage niliyoyaponda na binzari nyembamba na pilipili kichaa. Parachichi na ndimu. Kabichi na karoti nimezilaza kwenye siki na sukari. Giligilani juu. Bibi akachukua kimoja, akakifungua kama anatafuta sindano.

"Nyama iko wapi?"

"Hakina nyama, mama. Ni chakula cha Meksiko, ila uyoga ni wa Kichina."

"Uyoga wa Kichina."

"Yaani uyoga wenyewe ni wa Mafinga, mama. Mapishi ndiyo ya Kichina."

"Na mimi ni wa wapi?"

Kabla sijajibu, Mzee akaingia kutoka uani. Anatembea kwa mikogo yake ile, mguu mmoja, anafikiria, mguu wa pili. Akasimama katikati ya sebule. Bibi akamtazama sana.

"Huyu si kuku yangu?"

"Ndiye, mama."

"Hajafa?"

"Hajafa, mama."

"Kumbe anaishi vizuri."

Akakikunja tena kile kikunjo, akakila, chote, bila kuinua macho. Akaomba chai. Wewe ulikuwa umeshalala, umechoka na kulia. Akaniuliza, "Hata mtoto humpi nyama?" Nikamjibu ni mimi tu, mama, nimependa kujaribu. Sikutaka mwenye jina lake ndiye aonekane amemnyima. Asubuhi akasema gari linamwacha. Iyunga hajarudi tena, na Kalenga tukienda anaongea na mimi habari za mvua, nyama ya sahani yako baba yako anaila kabla bibi hajaona.

Mzee alikufa kwa uzee wake, tukamzika nyuma ya bafu, wewe ukaimba. Bibi hatukumwambia.

Nimelifikiria jambo hili sana nikigeuza chapati. Chakula kilikuwa kizuri. Sirudi nyuma hapo, kilikuwa kizuri, kingekuwa kibaya asingekimaliza. Ila bibi alikuwa hajaja kuonja. Alikuja kushikishwa kuku, na huenda alitaka awe yuleyule, anishikishe tena na mimi, sijui, tucheke. Mimi nilitaka anione fundi. Nilimuuliza kwa macho kitamu au siyo kitamu, yeye ananiuliza mimi ni nani yako, kila mtu anasubiri jibu lake.

Na wewe una moto huohuo. Nimekuona ukianza kuongea habari za chuo, mikono inatangulia maneno. Siwezi kukuambia uuzime. Mimi bila moto huu ningekuwa bado naosha sufuria za watu, leo nina meza yangu hapa barabarani na madereva wanateremka kuulizia vikunjo. Lakini moto huohuo ulinifanya nisimwone mama mkwe wangu amekaa mbele yangu na njaa ya kitu kingine kabisa.

Subiri, hii inavimba. Ikivimba hivi ujue imekubali.

Kwenye kopo kuna chapati za kukutosha mpaka Jumapili. Chini kuna chupa ya sosi ya soya, nimeifunga kwa nailoni mara mbili, isimwagike kwenye Biblia. Kabichi ya siki iko kwenye kopo la jemu. Mvua zimeanza, kwa hiyo gari likisimama Mafinga utaona wamama wana uyoga kwenye beseni, chukua ule mkubwa wa rangi ya chai. Vitunguu usinunue njiani, Iringa mjini utapata vya Ruaha Mbuyuni, vile vyekundu vinavyotoa machozi mlango wa pili. Majivu yapo kwa bibi, jiko lake la kuni halijazimwa tangu nimfahamu.

Umeona nilivyoruka? Nimeanza mapishi ili nisiseme.

Simu nimeishika, nimeiweka, nimeishika, ina unga wote kwenye kioo. Nikimpigia nikamwambia usichinje, atasema mama mtu ameanza tena, na wewe utaingia ile nyumba ukiwa na ugomvi wangu mgongoni. Nisipompigia utashikishwa jogoo peke yako, na mimi nilikuahidi nitamwambia. Kula unaweza, hutakufa, ila najua utakavyomeza. Kukataa unaweza, na utakuwa umekataa mkono wenye jina lako. Au unaweza kufanya nilichofanya mimi kwa ujinga, wewe ukakifanya kwa akili zako timamu: umshike, ushukuru, uombe akae. Halafu umpikie bibi kwenye jiko lake, kwa majivu yake. Sijui kama atacheka au atakwambia urudi kwa mama yako. Ni nyumba yake utakayolala miaka yote hiyo, siyo yangu.

Haya, kitu alichosema kabla ya kukata ni hiki:

"Na mwambie mke mwenzangu, huyu asimlaze chini ya kitanda."

Hajawahi kulitaja lile jambo. Hata mara moja. Nilibaki nimesimama na simu sikioni mpaka kikaango kikaanza kutoa moshi. Sijui kama alikuwa ananicheka, ananisema, au ananisamehe. Namjua anavyocheka bibi yako, anacheka mabega tu, hatoi sauti. Na mabega hayasikiki kwenye simu.

Nakusikia unakuja sasa, unaimba sauti ya pili peke yako kama vile wengine wapo. Nafunika kopo.

Kachumbari, kesho jioni atatoka nje, atarudi na yule mwekundu, atakuwekea mikononi, ana joto, moyo unampiga kwenye vidole vyako. Atasema, "Mwanangu, mboga yako hii hapa." Halafu atakutazama, na wewe utamtazama mabega.

Utafanyaje?